Jumamosi ya Tisa ya Mama Oliva

Gongo dogo la mti linashuka, ganda linafunguka, na korosho nzima inadondokea kwenye ungo. Ni saa moja asubuhi, Chiungutwa, wilayani Masasi. Yasinta Nikolao (38) anachovya vidole kwenye majivu, maana mafuta ya ganda huchoma ngozi, kisha anachukua nyingine.

"Shikamoo, Mama Oliva," anasalimia msichana anayepita na ndoo.

"Marahaba, mwanangu," anajibu, macho yakiwa palepale kwenye jiwe la kubangulia.

"Usidhani anaringa," anacheka jirani yake, Stamili, anayebangua naye korosho. "Huyu akikutazama usoni, ujue korosho imevunjika!"

Ndivyo kazi ilivyo. Korosho nzima ina bei, vipande havina. Siku njema Yasinta hupata shilingi elfu nane, siku mbaya elfu tatu.

Lakini leo ana haraka nyingine. Saa tatu ni somo la tisa la kipaimara kanisani, kati ya masomo kumi ya kila Jumamosi. Katekista alishasema: atakayekosa mawili hatasimama mbele ya askofu mwezi Desemba. Yasinta ameshakosa moja.

Alijiandikisha mara ya kwanza pamoja na mumewe, Anderson. Walifika somo la nne, mume akaugua. Mwaka wa tatu sasa tangu azikwe.

"Hakuniaga kwa kusema kwaheri. Alisema, 'Tutaonana, Mama Oliva.' Nami naamini hivyo," anasema Yasinta. "Ila kuamini ni kitu kimoja, kukaa darasani ni kingine."

Mwaka uliofuata alijiandikisha tena, akaacha. Leo korosho, kesho simu, keshokutwa maneno ya ukweni kwamba marehemu alilogwa.

"Nikawa nahesabu nani alitununia, nani hakuja msibani. Siku moja nikashtuka: namuwaza adui kutwa nzima, mume wangu simuwazi tena."

Saa mbili na nusu pikipiki inasimama uani. Ni Christopher, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, panda twende. Yule mganga wa upande wa Newala yupo leo tu. Atamtaja aliyemloga kaka."

"Leo nina somo, shemeji."

"Somo! Watu watasema hukumpenda."

Yasinta anainua macho. Gongo linashuka vibaya, korosho inatoka vipande viwili.

"Nilimpenda, shemeji," anasema taratibu, huku akifuta majivu vidoleni. "Ninyi mnataka kujua nani alimwondoa. Mimi najua nitamkuta wapi. Niacheni nielekee huko."

Christopher anatazama chini.

"Sasa baba," Stamili anadakia, "mafuta umeshatia na pikipiki inanguruma. Si umpeleke kanisani? Sisi wenzenu wa msikitini tunajua kuchelewa ibada ni vibaya!"

Christopher anatabasamu kwa shida, kisha anapangusa kiti cha nyuma kwa kiganja.

Yasinta anachukua daftari lake. Kurasa za mwanzo, hadi somo la nne, zina mwandiko mnene wa Anderson. Kuanzia la tano ni mwandiko wa Yasinta mwenyewe, mdogo, ulioinama.

"Jina lake liko juu, kwenye jalada," anasema akipanda pikipiki. "Desemba, askofu akishaniwekea mikono, nitaandika langu chini yake. Mwanetu Oliva atalikuta daftari limejaa."