Harufu Begani mwa Mwalimu Josia

Hakuna jasho lililowahi kumshinda Kwandu, na mwenyewe alikuwa halali bila kukuambia hivyo. Tangu watu wa Bariadi wapatwe na homa ya kukimbia alfajiri, kila kikundi na jezi zake, yeye ndiye dobi waliyemkimbilia. Wengine hutumbukiza jezi kwenye maji ya moto, wakamwaga nusu pakiti ya sabuni ya unga na dawa ya kulainisha juu yake, kisha wanashangaa uvundo umebaki palepale. Kwandu aliwacheka. Jezi inataka maji baridi, igeuzwe ndani nje, ilowe kwenye siki saa nzima, isuuzwe, ndipo ije sabuni kidogo, na mwisho jua. Ukimletea jezi mbichi uliyoifungia kwenye mfuko tangu juzi, atakugombeza mbele za watu.

Mwezi wa sita akaletewa jezi nyekundu ya Mwalimu Josia, mgeni aliyehamishiwa hapa kutoka Kagera. Kwapani haikuwa na neno. Harufu ilikaa bega la kushoto. Ikikauka haisikiki, mwalimu akiivaa na mwili ukipata moto, inaamka: ugolo, moshi wa samadi na maziwa ya kibuyu. Wenzake wa mbio wakawa wanamtania kwamba kikulacho ki nguoni mwake. Wala hakuwahi kunusa ugolo, wala kufuga hata mbuzi. Kwandu aliifua mara tatu, na mara tatu ikarudi.

Mara ya nne akaamua kuitafuta harufu yenyewe. Akalipitishia bega pasi ya mkaa, vuguvugu, nguo ikiwa bado mbichi. Mvuke ulipopanda, akaiweka pasi chini. Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya baba yake, mzee Luhaga, na mzee Luhaga alikuwa kaburini mwaka wa tano.

Ugomvi wao ulikuwa wa ng'ombe. Baba alikwisha kupokea mahari, Kwandu akatoroka siku tatu kabla ya harusi, na ng'ombe wakarudishwa mchana kweupe watu wakitazama. Mzee alipougua alituma watu mara mbili: aje anisalimie tu. Kwandu akajibu kwamba ana nguo za watu kwenye beseni. Alipokufa, ndugu wote walinyoa nywele kama ilivyo desturi ya msiba. Yeye alibaki mjini na zake zimesukwa. Tangu hapo alitamani baba amsamehe kuliko kitu kingine chochote, ingawa ungemuuliza angekufukuza.

Mwalimu alipokuja kuulizia jezi, Kwandu naye akamuuliza anakimbilia wapi.

"Barabara ya Maswa, dada, halafu nakata kushoto penye uzio wa minyaa. Kuna mzee hukaa langoni, giza halijaisha vizuri. Namwamkia 'Mwangaluka' kwa Kisukuma changu kibovu, anacheka, ananishika bega."

"Bega lipi?"

"Hili la kushoto. Aliniuliza nani ananifulia. Nikamtajia jina lako, akasema nikwambie uende ukamsalimie. Unisamehe, dada, nilisahau. Nilidhani ni maneno ya wazee tu."

Kwandu aliujua uzio ule, ulikuwa wa nyumbani kwa baba yake. Ndani yake hapakuwa na mtu tangu mazishi. Paa lilikwisha kuporomoka, na ndugu walihamia Bukundi na mifugo yao. Akamwambia mwalimu jezi bado, arudi baada ya siku tatu.

Sasa tazama ujinga wa mtu mwenye ufundi. Badala ya kuiacha jezi na kushika njia ya kwenda kule, aliogopa, na woga wake siku zote ulitoka kama hasira. "Umekufa na bado unaniita kama ndama," aliiambia jezi. Akailoweka kwenye siki kutwa nzima, akaisuuza, akaitia magadi, akalisugua lile bega mpaka vidole vikachubuka, huku analia. Akaianika siku mbili. Akaipiga pasi, akanusa. Hakuna kitu. Kwa dakika chache alifurahi, nisimsingizie. Mwalimu akaja jioni ile akachukua jezi yake.

Usiku ule furaha ilimwisha, na woga nao ukaisha. Alibaki na hamu ya kumwona baba yake. Kulipopambazuka akamwita jirani yake Minza, akanyolewa nywele zote pale uani, miaka mitano baada ya msiba. Akajitanda khanga, akafunga kwenye karatasi ugolo kidogo wa kumpelekea mzee.

Alikuwa anavaa viatu mwalimu alipofika, jasho linamtiririka, uso umekunjuka.

"Dada, umeiweza. Nusa mwenyewe."

"Mzee umemkuta?"

"Nimemkuta. Leo hakuuliza kitu. Alinishika bega kama kawaida, akainama akainusa jezi. Akainusa tena. Akasema, 'Basi. Amenijibu.' Akaingia ndani, akafunga lango."

Kwandu alibaki ameshika kiatu kimoja. Khanga ilikuwa imemteleza, na ndipo mwalimu alipokiona kichwa chake kilichonyolewa. Akauliza kwa upole nani amefariki.

"Baba yangu," alisema Kwandu. "Amefariki leo asubuhi."