Bogainvilia ya Jirani

Nilimwonea wivu jirani yangu kwa sababu ya maua. Si gari, si nyumba. Ni bogainvilia iliyopanda ukuta wake ng'ambo ya barabara na kuwaka nyekundu kiangazi kizima, Kitengela yote ikiwa vumbi. Tulikuwa tumepanda miche yetu wiki ile ile. Yangu ilikuwa majani matupu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye hakuihangaikia. Alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Mashuuru, aliyejua mbuzi kuliko maua. Mimi nimezaliwa Murang'a, na kwetu mmea hulishwa kama mtoto. Kila asubuhi niliumwagia ndoo mbili, na kila mwezi mbolea ya mbuzi, ambayo nilimwomba yeye huyo huyo.

"Mama, wachana na hiyo kitu," aliniambia siku moja akinijazia gunia. "Unaipea maji mingi. Wacha isikie kiu, itatoa maua."

Nikacheka kwa adabu. Moyoni nikasema huyu ananificha siri, nani hufundisha mwenzake kumshinda? Kesho yake nikaongeza ndoo ya tatu.

Kisha binti yangu akapata mchumba, na wakwe wakasema watakuja. Nilitaka wakute lango lenye maua, wajue binti ametoka kwa watu. Hilo tu. Nikamwaga maji mpaka udongo mweusi ukawa unang'ang'ania viatu. Siku ilipofika, kichaka changu kilikuwa kinene, kijani, bila ua hata moja.

Baada ya chakula wageni walitaka picha. Mama mkwe akaangalia lango langu, akaangalia ng'ambo, akasema, "Twendeni pale kwa maua." Wakaenda wote, binti yangu mbele. Jirani akatoka na ufagio, akatufagilia mahali pa kusimama. Nilitabasamu kwenye picha ile huku nikitamani ukuta wake uanguke.

Picha iko sebuleni kwangu. Juzi jirani alikuwa hapo akinywa chai, akaingia mama mmoja mgeni kutoka kanisani. Akaitazama, akashika mdomo.

"Kumbe uko na maua mazuri hivi!"

"Asante," nikasema, kabla sijafikiri.

Jirani alinitazama, kisha akamsogezea mgeni sukari.

"Huyu mama anajua kupanda," akasema.

Nikamwonea wivu upya, mbaya kuliko ule wa maua.