Dhahabu ya Kumeza

Mama alikuja kukaa kwangu Mabatini akiwa hawezi tena kufunga vifungo vya blauzi yake. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio, na kila asubuhi vilikakamaa hadi aviloweke kwenye maji ya moto kwa muda mrefu ndipo vikubali kushika kikombe. Huko Misungwi walikuwa wamemchanja, wamempaka mafuta ya kila mnyama, na wamemnywesha mizizi michungu. Yeye mwenyewe alisema kitu pekee kilichopona ni minyoo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya mjini. Nilipanga vyumba viwili katika ua ambao mwenye nyumba, mzee mstaafu wa reli, aliishi upande wa mbele na sisi wapangaji upande wa nyuma. Bomba lilikuwa moja, choo kimoja, na kila mtu alijua jirani yake amepika nini.

Nilimpeleka mama hospitali. Daktari alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Alimshika vidole kimoja kimoja, akamwangalia magoti, akasoma majibu ya damu.

"Mama, hii ni baridi yabisi," alisema. "Mwili wako wenyewe unayashambulia maungio yako. Kuna dawa nataka tujaribu. Ni dawa yenye dhahabu."

"Unasema yenye nini, daktali?"

"Dhahabu, mama."

Mama alinigeukia. "Mwambie sisi ni watu wa pamba na mihogo."

Daktari alicheka, kisha akaeleza vizuri. Zamani dhahabu ilitolewa kwa sindano ya makalio. Sasa kulikuwa na kapsuli za kumeza. Dawa ingefanya kazi polepole, miezi kadhaa, kwa hiyo asikate tamaa. Ingebidi apimwe damu na mkojo mara kwa mara, maana dhahabu ikizidi huweza kuumiza figo na damu. Pia ingeweza kumlegeza tumbo. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno, lakini nilipomwangalia usoni nilijua ameondoka na neno moja tu.

Dawa yenyewe tuliagiza katika duka la dawa lililofunguliwa karibu na sokoni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinaingia: mitumba, televisheni, biskuti za nchi tusizozijua, na sasa dhahabu ndani ya kichupa. Mama alikibeba kichupa mkononi kama mtu aliyebeba yai.

Jioni ileile majirani wote walijua. Mama, aliyelisema neno hilo kwa ulimi wa kwetu, alikaa mlangoni akijibu salamu za kila apitaye. "Hali yangu? Nimeanza kumeza zahabu." Jumapili akawaambia kina mama wa kanisani. Wakaja kumtembelea, mmoja akaomba kuona ulimi wake kama umebadilika rangi. Mama akautoa bila kinyongo.

Habari zikamfikia mjomba. Mjomba alikuwa mdogo wake mama, dalali wa dhahabu. Kila mara alikuwa akivuka kwa kivuko pale Kigongo kwenda ng'ambo ya ziwa, kununua vumbi la dhahabu kwa wachimbaji wadogo upande wa Geita na kuja kuliuza mjini. Alitembea na mkoba wa ngozi wenye mzani mdogo, jiwe jeusi la kupimia na kichupa cha tindikali. Aliingia bila kuketi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Iko wapi hiyo dhahabu?"

Nilimpa kapsuli moja. Akaifungua, akamwaga unga kwenye kiganja, akaunusa. Kisha akausugua kwenye jiwe lake jeusi. Dhahabu halisi huacha mstari wa njano. Huu haukuacha kitu, isipokuwa doa jeupe kama la unga wa sembe.

"Dada," alisema mjomba kwa huzuni ya kweli, "umetapeliwa. Nimeshika dhahabu tangu ujana wangu. Dhahabu haiwi nyeupe, haiwi unga wa namna hii, na haiyeyuki tumboni. Ukiimeza leo, kesho inatoka kama ilivyoingia."

Mama alikiweka kichupa mezani. Asubuhi iliyofuata hakumeza, wala jioni. Nilipomuuliza akasema, "Mdogo wangu ndiyo kazi yake hiyo. Wewe unafundisha ubaoni."

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia dhahabu peke yake ni kweli haiyeyuki, ni metali yenye maringo, haitaki kuungana na mtu. Ili iingie mwilini lazima ishikwe pande mbili. Upande huu inashikwa na salfa iliyounganishwa na sukari, upande ule inashikwa na fosforasi, na kitu hicho kizima ndiyo dawa.

"Kama mlevi anayerudishwa nyumbani na wenzake wawili," alisema mama.

"Hasa! Na akishafika, anawaachia wale, anashika watu wengine wa humo ndani. Dhahabu ikiingia mwilini inaiachia fosforasi na kushika salfa iliyomo kwenye protini zako, inazituliza zile zinazokuumiza."

"Maneno mazuri," alisema mama. "Lakini jiwe halikuandika."

Basi niliona dawa ya jiwe ni moto. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya kutumia maabara Jumamosi, nikamwambia mjomba aje na vifaa vyake. Mama naye akasema hawezi kuachwa nyumbani wakati mali yake inachomwa. Akaja na kitenge kipya, akaketi kwenye kigoda kirefu cha wanafunzi, miguu ikining'inia, macho kwenye kichupa.

"Ngapi?" aliuliza.

"Chache tu, mama. Moja haitoshi kuonekana."

Alizihesabu mwenyewe, kwa kidole kigumu, akizisukuma upande wangu kwa uchungu. Nilizifungua, nikamwaga unga kwenye kibakuli cha kauri, nikafungua madirisha yote na kuanza kuchoma. Unga ukawa kahawia, ukavimba, ukawa mkaa. Moshi mweupe ukapanda, na harufu kali ya kitunguu saumu ikajaa maabara.

Mama aliruka kutoka kwenye kigoda. "Hii ni dawa ya mahindi!"

"Ipi?"

"Ile ya ghala la ushirika! Walikuwa wanafunika magunia kwa turubai, wanaweka vidonge chini, halafu wanatufukuza tusisogee. Harufu ndiyo hii. Ile inaua panya, inaua dumuzi, inaua na mtu. Mwanangu, unanilisha dawa ya dumuzi?"

Mjomba alikunja mikono na kunitazama kama hakimu. Nilizima moto kwanza, maana swali lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani.

"Mama, pua yako imepatia. Hewa ya ghalani inaitwa fosfini. Ni fosforasi moja iliyobeba haidrojeni tatu, na ni sumu kweli. Hii ya kwenye dawa yako ni ya ukoo huohuo. Lakini zile haidrojeni tatu zimeondolewa, zimewekwa vipande vitatu vya kaboni badala yake, halafu imepewa kazi ya kushika dhahabu isidondoke njiani. Haipai tena hewani kama ile, na kwa kipimo cha daktari haiui."

Mama alirudi kwenye kigoda. "Kwa hiyo ni ndugu yake muuaji."

"Ndiyo, lakini huyu ameokoka."

"Mbona bado ananuka kwao?"

Mjomba alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akaegemea meza. Nilirudisha moto. Mkaa ulipokwisha kuungua, mjomba akanyunyiza boraksi, ule unga mweupe ambao masonara huyeyushia dhahabu, akachukua bomba lake la shaba la kupulizia moto na kuelekeza mwali kwenye kibakuli. Mashavu yalimvimba, jasho likamtoka. Boraksi ikayeyuka ikawa kama kioo. Tulisubiri ipoe.

Ndani ya kile kioo kulikuwa na kitone cha njano, kidogo kuliko punje ya ulezi.

Mjomba alikivunja kioo taratibu, akakitoa kitone kwa ncha ya sindano, akakisugua kwenye jiwe jeusi. Mstari mwembamba wa njano ukatokea. Akadondosha tindikali juu yake. Mstari ukabaki.

"Ni safi," alisema kwa sauti ya chini. "Safi kuliko ninayonunua mimi."

"Sasa kama mmemaliza kuchoma dawa yangu," alisema mama, "naomba maji nimeze iliyobaki."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mjomba aliyekuwa haamini kabisa, sasa aliamini kupita kiasi. Siku chache baadaye alikuja, akaketi, akakohoa.

"Mwalimu, hiyo dhahabu anayomeza dada yangu, inabaki yote mwilini?"

"Hapana," nilimjibu, kwa kuwa ndivyo ilivyo. "Sehemu kubwa inatoka."

"Inatokea wapi?"

Nilijifanya nasahihisha madaftari. Naye akaangalia nje, kwenye kona ya ua ambako choo kilikuwepo, na nikaona macho yake yakianza kupiga hesabu.

Kwa bahati mbaya ilikuwa wiki ileile tumbo la mama lilipolegea kama daktari alivyotuonya. Alikuwa akienda na kurudi, kwenda na kurudi. Kila alipopita, mjomba alitikisa kichwa kama mfanyabiashara anayeona gunia lake linavuja. Hatimaye akaja na karai la kuoshea mchanga na kuanza kuniuliza kwa sauti, pale uani, kama zebaki inaweza kuikamata dhahabu ikiwa imechanganyika na "vitu vingine". Nilimwambia zebaki ni sumu, na hata angethubutu, haina uwezo wa kuikamata dhahabu iliyoshikwa bado na salfa. Hakusikia. Aliyesikia ni mwenye nyumba, aliyekuwa dirishani akinyoa ndevu.

Kesho yake tukakuta choo kina kufuli.

"Kiwanja ni changu na shimo ni langu," mzee alitutangazia. "Wapangaji mnalipia kuingia. Kilichomo hamjalipia." Mwenye haja alipaswa kumwomba ufunguo, ambao aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na alisimama nje kuhakikisha hakuna anayetoka na kitu.

Jambo hili lilivumilika kwa watu wenye matumbo ya kawaida. Jumatatu moja, mzee akiwa ameenda sokoni na ufunguo wake shingoni, mama alitoka chumbani kwa mwendo ambao sikuwa nimeuona tangu magoti yamshike. Akafika mlangoni pa choo, akalitikisa kufuli. Mjomba alikuwa ameketi ndani, mlango wazi, kwenye kiti chetu kipya cha kochi akinywa chai.

"Mdogo wangu, vunja hili!"

"Dada, kufuli la watu?"

"Vunja, la sivyo nitafungua mgodi hapohapo ulipokaa!"

Mjomba alitupa kikombe, akaokota tofali, na bawaba zikang'oka kwa pigo la kwanza. Mzee alirudi akakuta mlango wake umelala chini na majirani wamejaa uani. Alianza kufoka. Ndipo mama akatoka, amejifunika khanga kwa heshima zote, akampita polepole na kumwambia, "Mzee mwenzangu, nimekuongezea mtaji."

Ua mzima uliangua kicheko. Mzee alijikaza kidogo, kisha mabega yakaanza kumtikisika naye. Nilitumia nafasi hiyo kuwakalisha yeye na mjomba mezani, nikachukua chaki na ubao mdogo, nikawapigia hesabu. Kapsuli zote za mwaka mzima, zikichomwa moja moja kwa uaminifu, zisingetoa hata hereni za kumtosha mwanamke mmoja. Na hizi zilikuwa chini ya shimo, zimechanganyika na mambo ya ua mzima tangu nyumba ijengwe.

Mjomba alizipitia hesabu kwa kidole mpaka mwisho. "Gharama za uchimbaji zitazidi," alikiri. Akamsaidia mzee kurudisha mlango.

Daktari alipunguza dawa kwa muda, tumbo likatulia, akairudisha kidogokidogo. Baada ya hapo ikawa kazi ya kungoja, na kungoja kulikuwa kugumu kuliko vituko vyote. Mama alimeza, akapimwa, akameza. Vidole vilibaki vilevile. Kina mama wa kanisani waliacha kuuliza habari za dhahabu yake, na yeye akaacha kuitaja. Nilimkuta mara moja amekaa kitandani, ameiweka mikono yake mapajani anaitazama kama ya mtu mwingine. Nikakaa tu kando yake.

Kisha asubuhi moja nilisikia mkwaruzo jikoni. Mama alikuwa akimenya viazi vitamu. Alikuwa ameshika kisu kwa vidole, si kwa kiganja kama alivyozoea, na maganda yalikuwa yakianguka membamba na marefu. Hakunitazama. "Leo vimeamka mapema," alisema, na akaendelea. Nilikwenda kazini siku hiyo nikiwa nimechelewa, na nilipofika nilimfundisha kila mwanafunzi kwa upendo usio wa kawaida.

Alirudi Misungwi mvua zilipokaribia. Miaka michache baadaye zile kapsuli zilianza kuadimika, na daktari akamhamishia kwenye vidonge vingine vya kumeza mara moja kwa wiki, visivyo na umaarufu wowote. Vilimsaidia vilevile, ingawa hakuwahi kumtangazia mtu.

Nilipomtembelea mara ya kwanza baada ya kurudi kwake, nilimkuta zizini anakamua. Ng'ombe alikuwa mkorofi, na ndama alikuwa akimsukuma mama ubavuni akitaka kunyonya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usisimame hapo kama mgeni, nishikie huyu ndama."

Nilimshika kamba. Ndama alinitazama, akatazama viatu vyangu vya mjini, akavuta mara moja tu. Nilikwenda chini kifudifudi kwenye tope la zizi. Nilipoinua uso, mama alikuwa amejikunja juu ya ndoo akicheka, machozi yakimtoka, lakini mikono yake haikusimama: kulia, kushoto, kulia, kushoto, na maziwa yakipiga ndani ya ndoo.