Kijivu cha Kuandikia Kila Siku

Niliupenda wino wa kijivu kabla sijauona dukani. Ulinijia kwa njia ya koti. Nilikuwa nimelinunua katika soko la Owino, koti la mitumba la sufu nyepesi, na nilipofika nyumbani Mbuya nikatia mkono kwenye mfuko wa ndani, nikakuta kikaratasi kilichokunjwa, chenye maneno machache ya lugha nisiyoijua. Maneno yale yalikuwa ya kijivu. Kijivu cha moshi wa asubuhi, hafifu herufi inapoanza, kizito inapoishia. Nilipoyatazama nilihisi kama nimemkuta mtu katikati ya kufikiri, kabla hajaamua atasema nini.

Nikamwonyesha mke wangu.

"Huo ni wino mweusi uliofuliwa," akasema. "Koti lilipita kwenye mashine huko lilikotoka. Wewe umependa maji ya kufulia."

Huenda alisema kweli. Lakini siku hizo nilikuwa na shida, na kikaratasi kile kilionekana kuijua. Riwaya yangu ilikuwa imekwama katika sura ya tatu. Mimi huandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi za fulskepu, na miezi yote hiyo nilikuwa nikitumia wino mweusi. Nyeusi ni rangi ya hukumu na hati za viwanja. Sentensi ikikauka kwa wino mweusi huonekana imekwisha kuamuliwa, nami nilikuwa naiheshimu mno hata nikaogopa kuikata. Ukurasa wa kwanza wa sura ile ulikuwa umetandikwa vizuri kama kitanda cha wageni, na mimi mwenyewe sikuthubutu kulala juu yake. Bluu nayo ilinirudisha darasani, kwenye dawati la mbele, nikiandika ili nipewe alama. Nilitaka wino wa kuniruhusu kukosea. Nilitaka wino wa kunifikisha sura ya nne, basi. Zaidi ya hapo sikuwa naomba kitu.

Riwaya yenyewe ni ya mwanamke wa Kinubi, mke wa askari wa enzi za mkoloni, watu wa ukoo wetu. Katika sura ya tatu mumewe ameenda vitani na yeye anamsubiri. Nilimweka dirishani. Alikaa dirishani siku hata siku, akitazama barabara, nami nikikaa mezani nikimtazama yeye, na hakuna kati yetu aliyejua kinachofuata.

Naandika kwa Kiswahili, jambo ambalo hapa Kampala linawashangaza watu. Wenzangu wa kikundi cha waandishi huandika kwa Kiingereza au kwa Luganda. Kiswahili kwao ni lugha ya kambi ya jeshi na ya kupatana bei. Kwa hiyo msomaji wangu wa kwanza ni mke wangu. Yeye ametoka Kenya, alikuja kufanya kazi katika kampuni ya kusafirisha mizigo, tukakutana, tukaoana, na Kiswahili ndiyo lugha yetu ya kugombana na kupatana. Kila jioni akirudi kazini huvua viatu, huketi barazani, huchukua kurasa nilizoandika mchana na kipande cha penseli. Kalamu nyekundu hataki hata kuisikia. "Mimi si mwalimu wako," husema. Huandika kwa penseli, herufi ndogo kati ya mistari, ili nikitaka nifute na tusiulizane.

Kwanza nilijaribu njia rahisi. Nilitia maji katika wino mweusi. Ulipata rangi niliyoitaka, lakini ulipogusa karatasi ulitambaa pande zote kama siafu, na neno "mume" likawa doa moja lenye miguu.

"Mheshimiwa mwandishi," mke wangu akasema akiinua karatasi, "huyu bwana sasa amerudi, lakini amerudi akiwa buibui."

Ndipo alipompigia kaka yake Nairobi, ambako kuna duka linalouza wino wa kalamu hizi na linakubali kukupimia kidogo kidogo ujaribu. Shemeji alinipigia akiwa mlangoni pa duka, na nilisikia magari nyuma yake.

"Shemeji, hapa wana nyekundu ya damu, kijani kama majani ya chai, zambarau ya askofu. Mimi nimesimama naomba kijivu. Muuzaji ameniuliza ni nani amefariki."

"Mwambie ni sura ya tatu."

"Pole sana. Ilikuwa na watoto?"

Vichupa vilikuja kwa basi, vinne, vimefungwa ndani ya soksi mpya za shemeji. Kimoja kilikuwa kimevuja njiani. Soksi ile ilipata rangi nzuri kuliko yote niliyowahi kuiona, kijivu kilichobeba zambarau ndani yake kama ngozi ya ndani ya bilinganya iliyochomwa, na ndani ya kichupa halikubaki hata tone. Mke wangu aliniona nikiishika soksi kwa huzuni, akaninyang'anya, akaenda kuianika.

Vikabaki vitatu. Asubuhi iliyofuata nilikaa barazani, bonde lote likiwa chini yangu na mvua ikijikusanya upande wa ziwa, nikaiosha kalamu na kuijaza, nikaiosha tena na kuijaza tena, kila mara nikiandika sentensi ileile: *Barabara ilikuwa tupu na jua lilikuwa juu yake.* Wa kwanza ulikuwa na ubluu wa mawingu. Ni mzuri, lakini baridi. Barabara yangu ilionekana kama ya nchi nyingine. Wa pili ulikuwa rangi ya majivu ya kuni, na uhudhurungi kwa mbali. Kwa huo niliandika mstari mmoja nikauweka kando, kwa sababu haukuwa na maajabu yoyote. Ulikauka ukabaki vile ulivyo.

Wa tatu ndio uliochukua moyo wangu. Ulikuwa kijivu safi, laini, chenye kupanda na kushuka. Kila herufi ilianza kwa woga na kumalizika kwa ujasiri, na nibu ya kalamu iliteleza bila kukwaruza. Nikaandika sentensi ya pili, nikaikata. Niliikata bila kuumia! Nikaandika nyingine. Kufikia mchana nilikuwa na kurasa mpya za yule mwanamke dirishani, kurasa zilizojaa mikato na mishale, chafu, hai, na nilikuwa na njaa kama mtu aliyelima.

Wiki ile niliandika kila siku. Mke wangu alisoma kila jioni, akilalamika kidogo kwamba inambidi asogee karibu na mlango apate mwanga, na penseli yake ikipita palepale inapopita siku zote. Mimi nilikuwa na furaha mno hata sikuona kinachotokea kwenye karatasi.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi alasiri Old Kampala, katika nyumba iliyo juu ya duka moja la zamani, kwa mama mmoja mwandishi wa tamthilia ambaye sote tunamwita Hajati. Anayesoma husoma karatasi zake mwenyewe, hakatizwi, kisha anasemwa. Sikuwa nimewahi kuwasomea riwaya hii. Nilikuwa nimejiambia, bila kumwambia mtu, kwamba kama watapiga miayo mbele ya mwanamke wangu wa dirishani, nitamwacha hapohapo nirudi kwenye hadithi fupi, maana mtu hawezi kuandika kitabu kizima peke yake chumbani kwa lugha ambayo jirani zake wanaipa mgongo.

Nikasoma. Mwanzoni walisikiliza kwa adabu. Najua adabu ya Hajati. Hukunja mikono mapajani na kutazama zulia. Mshairi wetu, kijana wa Kiganda mwenye ulimi wa wembe, alikuwa ameanza kumenya karanga polepole, na kila ganda lililopasuka nililisikia. Barabara ilikuwa tupu. Jua lilikuwa juu yake. Mwanamke aliegemea dirisha, akahesabu miti. Kijivu changu kilikuwa kikitiririka mbele ya macho yangu nami nikatiririka nacho, kwa sauti ileile ya majonzi:

"Alisimama hapo tangu asubuhi, macho yake yakiwa yameifuata barabara hadi ilipokatika. Huyu angekuwa amekula kwanza. Vumbi lilipoinuka mbali, moyo wake..."

Nikasimama.

Karanga zilikuwa zimenyamaza. Kisha Hajati akacheka, kicheko cha ghafla kilichomtoka kifuani, na mshairi akapiga paja lake, akasema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Luganda:

"Banange! Huyo mwanamke ameamka! Soma tena hiyo mustari, ssebo, hiyo ya kukula."

"Huo mstari si wangu," nikasema.

"Ni wa nani?"

Niliinamisha karatasi kuelekea dirisha ili nihakikishe. Mwanga ulipoipata, mistari yangu ilibaki imetulia, lakini maneno manne katikati yake yalimetameta kama mgongo wa samaki mdogo. Penseli. Karatasi ikiwa wima, katika kivuli cha chumba, vilikuwa vijivu viwili pacha; sikuweza kusema mkono wangu unaishia wapi na wa mke wangu unaanzia wapi.

"Ni wa mke wangu," nikasema. "Alikuwa ananisahihisha."

Hapo walicheka mpaka mshairi akamwaga karanga. "Naye wewe una bahati. Mke wangu mimi ananisahihishaga kwa mwiko."

Hajati alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sikiliza, mwanangu," akasema. "Wanawake wa kusubiri dirishani nimewaandika mimi, wameandika wengine, hata wanaume ambao hawajawahi kusubiri chochote wamewaandika. Huyu wako sikumwona mpaka aliposhikwa na njaa. Sasa namtaka. Utatuletea lini mengine?"

Nilimwahidi hivi karibuni. Nakumbuka kwamba nilishuka ngazi zile nikiwa mwepesi, na kwamba mtaani mtu aliyekuwa akiuza ndizi za kuchoma aliniuliza ninachochekea.

Mke wangu nilipomsimulia alijifunika uso kwa kanga.

"Umewasomea? Kwa sauti? Aki wewe! Na ile niliyoandika ukurasa wa nyuma, kwamba anahesabu miti kama karani wa misitu?"

"Hiyo sikuifikia."

"Asante Mungu." Kisha akaifunua ile kanga. "Na walicheka vizuri au vibaya?"

"Vizuri. Wanamtaka."

"Wanamtaka yupi, wako au wangu?"

Ni swali la haki, nami nililibeba hadi asubuhi. Tulikaa barazani wote wawili, ilikuwa Jumapili na yeye bado hajaenda kanisani. Nilimwekea karatasi yenye zile sentensi tatu za majaribio, akaandika kando ya kila moja, kwa penseli yake, maneno yaleyale: *amekula kwanza*. Kando ya kijivu changu kizuri maneno yake yalizama. Kando ya kile cha mawingu yalielea kidogo, lakini ilibidi uyatafute. Kando ya kile cha majivu, kile nilichokiweka pembeni kwa kukosa maajabu, yalionekana wazi, kama mtu mwingine amevuta kiti akaketi.

"Tumia tu huo wako mzuri," akasema. "Mimi nitanunua penseli ya rangi."

"Rangi gani?"

"Kijani?"

Tukajaribu kijani. Kilifanana na mboga iliyokwama jinoni, na yeye mwenyewe alikikataa. Alisema akishika penseli ya kawaida hajisikii anaandika, anajisikia anaongea, na kwa hiyo husema lolote. Niliuelewa uhuru huo. Ulikuwa uleule nilioutafuta mimi kwenye koti la watu wengine, na sikuwa tayari kuununua wangu kwa wake.

Nilimpigia shemeji, nikaagiza chupa nzima ya kijivu cha majivu.

"Huo mbaya?" akauliza. "Muuzaji alisema huo hauulizwi na mtu."

"Huohuo."

Sasa umekuwa wino wangu wa kila siku na nimeanza kuupenda kwa namna nyingine, jinsi mtu anavyopenda ukuta wa nyumba yake. Hauchuruziki, haupenyi upande wa pili wa fulskepu, na mwangaza wa barazani unautosha. Unaukubali mkato. Na unaacha nafasi kati ya mistari, nafasi ya kweli, ambayo mtu mwingine anaweza kuingia akaonekana.

Siku ulipofika niliijaza kalamu, nikarudi dirishani kwa yule mwanamke. Nilikuwa nimemuuliza mke wangu kama niuache mstari wake. "Uache," alisema. "Lakini sema alikula nini. Mtu hali hivihivi."

"Wewe unasemaje?"

"Kwetu ingekuwa ugali. Huyo ni wa kwenu, muulize mwenyewe."

Nikamuuliza. Akatoka dirishani, akaenda jikoni, akala kisra, ule mkate wetu mwembamba kama kitambaa, akichovya kwenye bamia, taratibu, kwa vidole, huku barabara ikiwa nyuma ya mgongo wake. Na aliponawa mikono alijua ataenda mwenyewe kambini kuuliza habari za mumewe. Akafungua mlango, na hapo ikaanza sura ya nne.

Jioni mke wangu alivua viatu akasoma. Alikuwa bado na karatasi mkononi nilipopita nyuma yake na birika la chai, na nikiwa nimesimama nikayasoma maneno ya penseli juu ya mstari wangu, bila kuinama: *Bamia bila ndimu?*

Nikaongeza ndimu.