Kigae Chenye Alama za Kucha

Chungu nilikivunja mimi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilisema aliyekivunja ni Feza, dada yangu mkubwa, na kadiri nilivyopanda madarasa ndivyo nilivyousema uongo huo kwa ufasaha zaidi.

Kilichonirudisha huko ni kigae kimoja juu ya meza, katika ukumbi wa mtaa wetu wa Mikelenge. Daktari wa mambo ya kale alikuwa amekuja mjini kwetu Kindu na buti mpya, akachimba kisiwa kimoja cha mtoni ili ajue watu walioishi huko kabla ya maandishi walipika nini na walikaaje kuzunguka moto. Vigae alivisugua kwa mswaki, kimoja kimoja, kama meno ya marehemu tajiri. Nilimdharau papo hapo. Mtu mzima, mwenye shahada tatu, anavihoji vyungu kuhusu wapishi wao!

"Tazameni ukingo huu," alisema. "Alama za kucha. Bila shaka ni ibada ya uzazi."

Ibada! Zilikuwa kucha zangu. Wakati wa vita tulikimbilia kisiwa hichohicho, na bibi yetu, tuliyemwita Koko, alifinyanga chungu pale, akaniacha niufinye ukingo kabla haujakauka, mradi ninyamaze. Familia tano zilipikia sombe humo kwa zamu, na ule moshi ulioganda kwenye majani ya muhogo naunusa hadi leo. "Huku kisiwani," Koko alikuwa akisema, "chungu njo nyumba." Chungu ndicho nyumba.

Siku moja, nikiwa na homa, nilikiinua nionje mchuzi wa zamu ya wengine. Kikaniponyoka, kikapasuka juu ya jiwe. Nikavitupa vipande shimoni, nikavikanyaga kwa miguu yote miwili, nikarudi kulala. Jioni wamama walitaka mwenye kosa, wakaapa kututia sote mtumbwini waturudishe kwenye risasi. Nikasema: Feza. Koko alimchapa mbele ya watu, akamwamuru awatekee wote maji hadi chungu kipya kichomwe. Feza hakulia. Hata kwa hilo nilimdharau. Nilidhani ni mjinga.

Basi pale ukumbini nikasimama.

"Dokta, ile chungu njo ya koko yangu. Na ile ibada, njo miye."

Ukumbi mzima ukacheka. Nilifurahi kuliko inavyofaa kuandika.

Yeye hakukasirika. "Asante, mama. Ndiyo maana tulivikuta karibu sana na juu. Nani alikivunja?"

"Dada yangu," nikajibu. Mtu mzima hivi, bado.

"Na nani alikizika? Kwa sababu vipande vilipangwa, kimoja ndani ya kingine, na jiwe bapa juu yake. Kitako tu ndicho hakipo."

Kicheko kikaniishia. Mimi sikupanga kitu, nilikanyaga. Nilikuwa nimemcheka mtu kwa kusoma vigae, na kumbe sikuwa nimesoma chungu nilichokivunja kwa mikono yangu. Nikatoka nje, nikampigia Feza, anayekaa Kalima.

"Yaya," nikasema, kwani ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "ile chungu nilivunja miye."

"Ah, Zaina! Leo njo unasema?" Alikuwa akitwanga, mchi wake haukusimama. "Koko alionaka nyayo zako pale kwa shimo. Akafukua, akapanga vipande muzuri. Kitako akakibeba, akakisaga ndani ya udongo ya chungu mupya, vile wafinyanzi wanafanyaka, ipate nguvu."

"Sasa alikuchapa ya nini?"

"Wale wamama walikuwa wanatafuta mutoto wa kuchapa. Na wewe mwili ilikuwa inawaka, fimbo moja tu ingekumaliza." Mchi ukasimama. "Koko akaniita kwanza nyuma ya kibanda. Akaniuliza: 'Feza, wewe iko na nguvu?' Nikasema ndiyo."