Jeti Nene Kwenye Mlima wa Heru Juu

Nakumbuka siku moja miaka ya sabini, mwanangu, pale Kasulu, nilipodhani mlima wa Heru Juu nimeshautia mfukoni. Hata sasa moyo unanidunda nikiisimulia, ingawa magoti haya hayakanyagi tena klachi.

Mtaliano mmoja, mhandisi wa barabara, alishusha stesheni ya Kigoma magari mawili madogo ya mbio ya kwao. Jekundu lilikuwa na injini ya cc 1300, jeupe cc 1600. Alitaka kuajiri fundi mmoja, akatupa mtihani mimi na Sefu, mwenzangu wa gereji: kila mtu atengeneze gari moja, kisha tupandishe mlima. Atakayetangulia kileleni ndiye fundi wake. Ee, niliitaka kazi ile hadi usingizi ukanipaa! Nikaliwahi jeupe.

Palepale Kigoma, kando ya ziwa, nikafungua kabureta nikaweka jeti nene, yaani kile kitundu cha kupitishia petroli, ili injini inywe ishibe. Ikanguruma, lo! Wapagazi wa stesheni wakashangilia. Sefu hakuligusa lake mpaka alipolifikisha Kasulu, ndipo akaanza kulirekebisha. Nilimcheka sana.

Huko Kasulu, Mzee Bandora, aliyetufundisha ufundi sote wawili, akatega sikio kwenye jeupe.

"Mwanangu, hewa ya huku juu ni nyepesi, si ile ya ziwani. Punguza petroli."

"Mzee, hii ni 1600! Itapita tu."

"Haya," akaguna. "Ila ukubwa wa pua si wingi wa kamasi."

Siku ya mtihani niliongoza hadi katikati ya mlima. Mara gari likaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi. Nikikanyaga mafuta, ndiyo kwanza linalegea. Sefu akanipita na cc zake 1300, wala hakunitazama. Akina mama waliokuwa wakipalilia maharage wakaacha majembe wakacheka. Kazi ikaenda hivyo, nami nikalia, sikufichi.

Mzee alinifuata kwa miguu. Hakunigombeza. Akafungua plagi, nyeusi tii kama chungu cha ugali, akaniwekea mkononi.

"Jeti yake ya awali iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni mwa shati langu muda wote. Nikairudisha, nikafuta plagi, nikawasha. Mwanangu, gari lile lilipaa! Tulifika kileleni nikipiga vigelegele kama bibi harusi kaletwa, Mzee kashikilia kofia yake. Lakini hapakuwa na mtu wa kutuona. Mtaliano na Sefu walikwisha kuondoka.

Basi nakuambia, usijivunie ukubwa wa injini uliyopewa kabla hujaujua mlima. Kazi ijaribie pale itakapofanyika. Na akuambiaye "punguza" usimwone mchawi, huenda ndiye anayetaka ufike. Mungu akupe sikio jepesi, akufikishe kileleni waliokungoja wakiwa bado wapo.