Marashi ya Mke na Mume

Miaka ile ya ruksa, Kariakoo ilipojaa vitu vya Dubai, Muzdalifa wa soko la Kibiti alinunua katoni nzima ya marashi ya kupuliza bila kuyanusa vizuri. Muuzaji alimwambia ni ya mke na mume, wote wajipake, naye akaona hapo faida mara mbili. Alipofika nyumbani ndipo akafungua chupa: chumvi, mwani mbichi na upepo wa ufukweni.

Watu wa delta ya Rufiji waliokuja sokoni wakamcheka. "Sisi bahari tunanuka bure," mama mmoja wa Maparoni alimwambia, "leo wewe watuuzia?" Kwao marashi ni ya kuitoa bahari mwilini, si ya kuiongeza.

Muzdalifa si mtu wa kulilia mzigo. Mtaji wake wote ulikuwa mle katonini, na asipouza kabla ya mfungo kibanda kingemfia. Akangoja joto la kaskazi. Lilipokaza, miski na mafuta mazito yalianza kuchacha makwapani mwa watu; yale ya chumvi yakabaki mepesi, kama mtu katoka kuoga sasa hivi. Akawa anawapulizia wapita njia mkononi.

Wa kwanza kununua alikuwa Haidari, mchuuzi wa kamba wa baharini.

"Kaka, ukijipaka miski juu ya kamba, unanuka kamba waliokwenda harusini," Muzdalifa alimwambia. "Jipake haya, watu watadhani umekusudia."

Haidari akacheka, akatoa pesa. Wa pili alikuwa Biasha, mama ntilie wa stendi, mtu wa vilima vya kusini, ambaye bahari aliiona mara moja tu utotoni.

Hapo balaa likaanza. Kibiti mwanamume na miski yake, mwanamke na asumini yake. Mke wa mtu akinukia kama mume wa mwenziwe, shahidi wa nini tena? Mwajabu, mkewe Haidari, alikwenda kununua vitumbua kwa Biasha, akarudi na vitumbua mkononi na moto kifuani. Akapitia kibandani.

"Dada Muzdalifa, harufu ya Haidari, Biasha kaipata wapi?"

"Kwangu. Nimemuuzia mwenyewe."

"Unamfichia! Mwanamke gani anunue marashi ya kiume?"

"Si ya kiume, shoga. Ni ya wote."

"Ya wote, kwani kisima? Ijumaa, kwenye harusi ya Warda, nitamuumbua mbele ya wanawake. Na wewe kuwadi wao nitakutaja."

Muzdalifa alijua maana yake. Akiitwa kuwadi harusini, hakuna mke wa Kibiti atakayekanyaga tena kibandani kwake. Na kiapo cha mfanyabiashara nani anakiamini?

Lakini katika harusi ile yeye ndiye aliyeombwa kushika mrashi mlangoni, awanyunyizie wageni wa kike maji ya waridi wanapoingia, kama ilivyo ada. Siku ilipofika akayamwaga maji ya waridi, akajaza marashi yake ya chumvi. Chupa nne zilikwenda. Zilimuuma. Kila aliyeingia alinyunyiziwa viganja na mtandio. Mwajabu naye alinyunyiziwa, macho yake yakimtafuta Biasha, wala hakuhisi kitu.

Ngoma ilipopumzika Mwajabu akasimama katikati ya ua.

"Wanawake wenzangu, msogeleeni Biasha mumnuse! Hiyo ni harufu ya mume wangu!"

Wakamnusa. Kisha Bi Mwanabaraka, bibi yake Warda, akauvuta mtandio wake mwenyewe puani.

"Mwanangu, kumbe na mimi Haidari kanipitia? Mbona sikumwona?"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Huyu ananusa viganja, yule anamnusa jirani. "Jamani, huyo Haidari analala saa ngapi?" mmoja akauliza. Mwajabu akanusa mkono wake, akakaa chini taratibu.

Kama Haidari alikuwa na lake stendi, Muzdalifa hakuuliza. Yeye anauza marashi.

Jumamosi, jua bado halijakaza, Mwajabu alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya wanawake kibandani.

"Nipe chupa," alisema bila kumtazama. "Nikinukia na mimi, sitahangaika kunusa watu. Ila unipunguzie."

"Sipunguzi," Muzdalifa akamjibu, akiifuta chupa vumbi. "Ya kupunguza niliwanyunyizia jana mlangoni."